Kesho ya Fundi Aliyeokoka

Fundi cherehani alipookoka, mkewe alitarajia badiliko moja tu. Pombe hakuwahi kunywa, wanawake hakuwafuata, kwa hiyo huko hapakuwa na cha kuacha. Kilichohitaji wokovu ni neno "kesho". Mteja akiulizia gauni lake, jibu ni kesho. Akirudi, kesho tena, na kitambaa bado kimekunjwa mfukoni, mkasi haujakigusa.

Wokovu ulikuja, kesho ikabaki palepale. Ilivalishwa tu nguo za kanisani.

"Mungu akipenda, mama, kesho," fundi alikuwa akisema sasa, mkono kifuani. "Tuombeane."

"Afadhali zamani," mkewe alimwambia, pasi mkononi. "Zamani ulidanganya peke yako. Sasa unamtia na Mungu."

"Mke wangu, mimi si yule wa zamani."

"Si yule, lakini mdomo ni uleule."

Kwenye ibada fundi alisimama akaomba aombewe, eti adui anaishambulia kazi yake. Mkewe aliinamisha kichwa asionekane uso. Adui gani? Cherehani ni moja, na watu watatu wameahidiwa siku moja!

Matusi ya wateja yalimwangukia mke. Fundi akimwona mteja anavuka barabara, alikumbuka ghafla kwamba vifungo vimekwisha, akatoka kwa mlango wa nyuma. Mke akabaki kuwatungia wateja visingizio, misiba ya watu ambao hawajafa. Mwishowe alichoka.

"Ukiniachia mteja mmoja tena nimdanganye," alisema, "nahamia kwa Kipara. Ameshaniambia anataka mtu wa kumalizia nguo."

Fundi alijua hatanii. Kipara, fundi mwenzake, alikuwa na duka mtaa huohuo, na nguo zake zilikuwa tayari kwa wakati.

Alhamisi akaja shangazi wa bibi harusi kuchukua magauni ya wasimamizi. Harusi ilikuwa Jumamosi. Fundi alimwona dirishani, akajitosa nyuma ya pazia la kujaribia nguo.

"Fundi yuko wapi?" shangazi aliuliza.

Mke aliweka pasi chini. Alikwenda akavuta pazia. Mumewe alikuwa amepiga magoti, macho kayafumba.

"Ukimaliza kuongea na huyo," mkewe alisema, "kuna mwingine anakusubiri."

Fundi alisimama, akafuta magoti.

"Shangazi, Mungu aki..." Akajikatiza. "Sijakata."

"Hujakata nini?"

"Vitambaa. Vipo kwenye mfuko vilevile. Na siku ile unavileta nilijua sitawahi."

"Sasa kwa nini ulikubali?"

"Niliogopa utampelekea mwingine."

"Na ndiko vinakokwenda! Mtu mzima hovyo!" Alinyakua mfuko, akatoka akielekea kwa Kipara, akimsimulia kila aliyepishana naye.

Mke alidhani angefurahi siku mumewe akisema kweli. Alichohisi ni hasira: kazi nzuri kama ile, imepotea kwa sababu mtu amechelewa miaka yote hii kusema sentensi moja.

"Ulikuwa unaomba nini pale?" aliuliza.

"Aondoke."

"Basi umejibiwa."

Fundi hakucheka. "Ulipovuta pazia sikuwa nimemaliza. Nikaona siwezi kusema amina na kesho kwa pumzi moja."

Mkewe akarudi kwenye pasi.

Mlangoni akatokea mwalimu, akiulizia suruali.

"Bado, mwalimu," fundi alisema haraka. "Jumanne."

"Jumanne tuna sare za kwaya," mke alisema bila kuinua uso.

"Jumanne nimejisemea tu, mwalimu. Nimezoea vibaya. Alhamisi."

"Alhamisi kweli, au Alhamisi ya mafundi?"

Fundi alimgeukia mkewe. Mke alihesabu kimya, nguo kwa nguo, akimwacha mumewe asimame hapo na jasho lake.

"Kweli," alisema mwishowe. "Lakini uje jioni."