Baibui la Maskati

Siku ya posa Hafidha aliamka alfajiri, akapika vitumbua, akachoma udi, akaoga na kujifukiza. Posa ilikuwa yake. Nani asiyejua pale Zinga? Ausi, kijana wa Miono, alikuwa dereva Maskati, naye Hafidha akifanya kazi za ndani mtaa wa pili, na huko huko ndiko walikopeana ahadi. Kwa kuwa likizo ya Ausi ilikuwa fupi, wazee walikubaliana kwa simu kwamba posa na begi la bi harusi vije siku moja. Haraka hiyo ndiyo iliyoharibu mambo, maana kama barua ingetangulia, jina lingesomwa, na watu wangenuniana mapema bila kuchafua sahani.

Wanaume walikaa barazani. Wanawake wakaingia ndani wakiongozwa na mama yake Ausi, Bi Sabiha, begi likivutwa nyuma yake. Wakala, wakasifu vitumbua. Kisha Bi Sabiha akafuta mikono, akasema wamekuja kumtaka Mize.

Mize, mdogo wake Hafidha, ambaye hajawahi hata kuvuka Bunju.

Bi Sabiha akaeleza kwa sauti laini. Kijana wake kazunguka, kaona mengi, sasa anataka mke aliyetulia, asiyesafiri. Msichana aliyelala nyumba za watu ng'ambo, nani ajuaye karudije? Hakumtaja mtu, wala hakuwa na haja. Yaani safari ile ile, mji ule ule, mwanamume imempandisha bei na mwanamke imemtia doa. Hafidha aliyasikia yote akiwa ameshika birika.

Mama yake ndiye aliyekuwa wa kwanza kulegea. Akasema basi, wote ni wanawe. Hapo Hafidha alimchukia mama yake, akaona haya, na akaendelea kumchukia.

Begi likafunguliwa. Juu kabisa palikuwa na baibui jeusi lenye nakshi za fedha mikononi. Wakamvika Mize, ambaye tangu jina lake litajwe hakuinua uso. Mikono ikameza vidole, pindo likaburuzika sakafuni. Wageni wakacheka kidogo, wakasema si neno, litapunguzwa. Na mama, Mungu amsamehe, akageuka.

"Hafidha, hebu lete mkasi, mwanangu. Wewe ndiye mwenye mkono mzuri."

Hafidha akaleta mkasi. Akapiga magoti mbele ya mdogo wake, akalishika pindo, kisha akauweka mkasi chini na kuinuka.

"Vua," akamwambia Mize.

Mize akalivua upesi kana kwamba linamchoma. Hafidha akalivaa. Likamfika kisiginoni sawasawa.

"Nilipimwa mimi," akamwambia Bi Sabiha. "Na mwanao ndiye aliyenishikia pochi fundi akinipima. Siku ile hakuuliza nalala nyumba ya nani."

Bi Sabiha akasema binti huyu hana adabu, na tena jibu ni la Mize, si lake. Wote wakamgeukia Mize. Mwali akinyamaza, amekubali. Hiyo ndiyo desturi, na Mize aliijua.

"Simtaki," akasema. Akafunga zipu ya begi, akalisukuma mpaka miguuni kwa mgeni.

Bi Sabiha akasimama, akanyoosha mkono apewe baibui.

Hafidha alikuwa amekwisha inama kuokota vikombe.

"Mwanao aje alifuate mwenyewe," akasema.