Uwanja wa Siku ya Wazazi

Jumamosi ya wazazi kutembelea, Mercyline Nerima alipiga viatu vyake rangi na kuvaa ile sweta isiyo na tundu. Mama yake hangekuja. Alikuwa Kamere, kwenye shamba la maua, na Februari ni mwezi wa waridi za wapendanao. Wakati huo msimamizi hampi mtu ruhusa hata akifiwa. Lakini Waithera, aliyelala kitanda cha chini yake, alikuwa amemwambia, "Si ukuje ukule na sisi? Mathe hupika chapo ni kama anapikia harusi." Kwa hivyo safari hii Mercyline alikuwa na pa kwenda, na furaha ilimjaa hadi akashindwa kunywa uji.

Shule hiyo, kando ya barabara ya Njoro, ilijivunia kuchanganya wasichana. Vitanda viligawanywa makusudi ili wa pande tofauti walale pamoja, na lugha za nyumbani ziliachwa langoni pamoja na simu. Tusiseme uongo, mpango ulifanya kazi. Waithera na Mercyline walitumia sabuni moja, na mmoja akipata malaria, mwingine alikosa usingizi.

Ila siku ya wazazi uwanja hupanuka. Hilo lilijulikana, na matroni alikuwa amewakumbusha wavae viatu visivyobana na wabebe maji. Kila familia iliyofika ilitandika leso karibu na watu wa kwao, wa mukimo wa viazi huku, wa maziwa ya mursik kule, na kila leso ilipotandikwa nyasi ziliongezeka katikati. Kufikia saa nne milingoti ya goli ilikuwa midogo kama njiti za kiberiti.

Mercyline alishika njia. Alimwona Waithera waziwazi, na mama yake akifungua hotpoti ya chapati. Alitembea, lakini wao wakabaki mbali vilevile.

Mama mmoja wa Bungoma, kwao Mercyline, alimwita kwa Kibukusu aje ale kuku. Mara leso ya mama huyo ikawa miguuni pake, hata hakuhitaji kuinua mguu.

"Asante mama," akasema. "Naenda kwa beshte yangu."

"Huko kote? Haya, shauri yako."

Leso ikabaki nyuma. Kwenye kipaza sauti mwalimu mkuu alisema kwamba shule hii ni familia moja. Wazazi walipiga makofi sana, na uwanja ukaongezeka kidogo. Mercyline alimaliza maji yake, akaketi kutoa jiwe kwenye kiatu, akaendelea. Harufu ya chapati ilimfikia vizuri kabisa. Aliona aibu, ingawa hakuona mtu akimtazama, au labda hiyo ndiyo sababu.

Kengele ya kuondoka ikalia. Wazazi walikunja leso, magari yakatoka, na uwanja ukarudi ukubwa wake. Waithera alikuja na chapati mbili ndani ya foili.

"Mbona hukukuja?"

"Nilikuwa nakuja."

"Zii, ulikuwa umesimama tu hapo, karibu ukanyage leso yetu. Mathe hata aliuliza, huyo msichana anangoja nani."

"Ukamwambia?"

Waithera aliikunjua foili polepole. "Nilimwambia anangoja watu wa kwao."

Mercyline alichukua chapati. Ilikuwa bado laini. Moyo ulimuuma, na njaa nayo ilimuuma, akaila yote. Waithera alimpa na ya pili, akamfuta vumbi begani kama anavyofanya kila siku.

"Ukiongea na mathe," Mercyline akasema, "mwambie nimeshukuru."

"Sawa," Waithera akajibu. Kisha akaikunja foili tupu. "Nimwambie ni nani ameshukuru?"