Ntare Aposa Pasipo Pake

Ntare alikuwa na imani moja kuhusu simu, na aliihubiri ofisini, nyumbani, hata nje ya kanisa baada ya ibada: simu haichoshwi na mchezo, inachoshwa na takataka zinazohema chinichini. Alilisema hilo kwa sauti ile ile ya vikao vya idara yake, na kwa kuwa alikuwa mkuu wa idara, walio chini yake waliitikia kwa vichwa na kwenda kuendelea na kazi.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa vita. Mtu mzima, aliyekulia Karagwe na kurudi Kigali na shahada na baadaye kitambi, kila jioni aliruka kutoka kwenye ndege na kutua kwenye kisiwa ambako hakuna aliyejua cheo chake. Aliuawa mapema. Wenzake wa kikosi, vijana asiowajua wa Nairobi na Bujumbura, walimwita mzigo. Ntare hakukubali kwamba vidole vyake ni vizito. Simu inakwama, alisema. Picha inaganda pale pale anapotaka kufyatua, na ikizinduka yeye ni maiti.

Basi akaanza kufunga programu. Alifunga ya hali ya hewa, kisha barua pepe za ofisi, jambo ambalo ofisini halikuonekana kwa muda mrefu. Biblia aliifunga akiomba radhi kimoyomoyo. Mwisho akaifikia WhatsApp, na humo kundi la ukoo, ambalo kwa maoni yake ndilo lililokuwa likinywa nguvu zote: salamu za asubuhi zenye picha za maua, maombi ya shangazi, sauti ndefu za watu wanaokohoa kabla ya kusema. Akaizima yote, akaweka simu katika hali ya mchezo ili hata mtu akipiga isilie. Juu ya hayo akapakua programu ya kusafisha simu, iliyoahidi kuua kila kinachojificha chini. Ilipoonekana haitoshi akapakua nyingine, kisha nyingine.

Binti yake Kaliza, aliyekuwa akisomea mambo ya kompyuta chuoni, alimweleza kwamba hizo safisha-safisha nazo ni programu, nazo zinahema chinichini, na kila moja inaiona nyingine kuwa ndiyo takataka. Ndiyo maana simu ilikuwa ya moto kama pasi. Ntare alimjibu kwamba nadharia ni nzuri lakini yeye ana uzoefu.

Mkewe, Mukunde, hakuwa na habari na nadharia wala uzoefu. Alichotaka ni mumewe apatikane. Mwezi ule Ngabo, mtoto wa Kamanzi, kaka yake Ntare, alikuwa anaposa, na Ntare ndiye aliyechaguliwa kuwa msemaji wa upande wa mume. Hakuna aliyelipinga hilo. Alikuwa na sauti, alikuwa na methali za wazee wa Karagwe, na alijua kuuvaa mshanana, vazi la sherehe la Kinyarwanda, ukakaa begani bila pini. Lakini vikao vyote vya maandalizi vilipangwa kwenye kundi la ukoo, kwa hiyo hakufika hata kimoja. Siku binti anayeposwa, Ariane, alipoletwa kuwasalimu wakwe, Ntare alikuwa kisiwani, amejificha nyuma ya pipa.

"Jumamosi hii acha simu wazi," Mukunde alimwambia. "Nakuomba hilo tu."

Akaahidi. Jumamosi asubuhi Mukunde na Kaliza walitangulia na vikapu vya zawadi, wakamwacha afanye mazoezi ya hotuba. Hotuba aliijua tangu zamani, kwa hiyo akafanya mazoezi mengine.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Bustani ya kukodi kule Gahanga, pembezoni mwa mji, walikotakiwa kukutana, ilikuwa na viwanja viwili, cha juu na cha bondeni, na cha bondeni, ambacho ndicho chao, kilikuwa kimegeuka tope la kulimia mpunga. Watu wa upande wa binti wakahangaika, wakapata ukumbi karibu na makutano ya Sonatubes, mjini, wakatuma habari. Habari ikaingia kwenye kundi la ukoo. Mukunde akampigia mumewe, Kamanzi akapiga, Kaliza akapiga. Simu ya Ntare haikulia. Ilikuwa imetulia vizuri sana, na kwa mara ya kwanza Ntare alikuwa amebaki hai hadi nusu ya mchezo.

Alicheza ndani ya teksi tangu alipopanda. Pale Sonatubes walikwama kwenye foleni, na dereva akamwonyesha kundi la akina mama waliovaa mishanana wakishusha vikapu mbele ya ukumbi, akasema leo kuna harusi kila mahali. Ntare alisema ndiyo bila kuinua kichwa. Mmoja wa akina mama wale alikuwa mke wake.

Gahanga aliteremka mbele ya lango akiwa amechelewa, na mchezo haujaisha. Kijana mwenye redio ya mkononi alimkimbilia. "Mzee, wewe iko upande wa kuoa?" Ntare akasema yeye ndiye msemaji. Yule kijana alishusha pumzi, maana kwenye kiwanja cha juu kulikuwa na hema limejaa watu, na wageni wa upande wa mume walikuwa wamekaa bila msemaji. Wao walitoka Huye, msemaji wao alikuwa ameharibikiwa gari njiani, na walikuwa wameambiwa familia imetafuta mtu wa kumshikia nafasi. Wakamwona Ntare anaingia, mrefu, mshanana umekaa, uso wa mtu aliyezoea kusubiriwa. Wakasimama kumpokea na kumpa kiti cha mbele.

Sura hakuzitambua, lakini posa yoyote huwa imejaa watu wa upande wa mama, na tena hakuziangalia sana. Simu ilikuwa chini ya vazi lake, na kisiwani walikuwa wamebaki watu wachache. Alipoitwa kusema, alikuwa amepigwa risasi dakika hiyo hiyo na mtoto wa Bujumbura. Akasimama na hasira za maiti, na hasira zikamsaidia. Alinguruma. Alisimulia jinsi babu zake walivyovuka mto na ng'ombe wao, jinsi walivyoishi Karagwe bila kusahau kwao, jinsi kijana huyu alivyo tunda la safari hiyo. Watu wa Huye, ambao babu zao hawakuwahi kuvuka hata kijito, walitazamana. Lakini alisema vizuri mno, na baadhi wakaanza kudhani labda kuna jambo la ukoo hawakuambiwa.

"Na kwa hiyo," akamalizia, "tumekuja kumwomba Ariane."

Msemaji wa upande wa binti, mzee mmoja mpole aliyestaafu ualimu, akainama kidogo. "Hapa hatuna binti anayeitwa Ariane," akasema.

Sasa, katika posa za Rwanda, kukataa ni sehemu ya adabu. Upande wa binti husema hatuna binti, au tunaye lakini amekwenda masomoni, au ameshaombwa na wengine, na msemaji wa upande wa mume huonyesha ufundi wake kwa kubembeleza. Ntare akatabasamu kama mtu aliyeletewa chakula anachokipenda. Akasema alijua watajibu hivyo. Akasema Ariane yupo, kijana wao amemwona kwa macho, amekula naye, amecheka naye, na usiku halali kwa ajili yake. Akasifu mwendo wa Ariane, shingo ya Ariane, heshima ya Ariane mbele ya wakwe. Mzee akarudia, safari hii bila upole, kwamba hakuna Ariane. Ntare akaongeza sauti. Waalikwa wa nyuma walipiga makofi na kutoa simu kurekodi.

Bwana harusi wa watu, aliyekuwa amekaa na marafiki zake pembeni, alikuwa ameinamisha kichwa. Huenda ni aibu tu. Mama mkwe wake mtarajiwa alimtazama kwa muda mrefu. Kutoka kwenye nyumba ndogo ya pale bustanini, alikofichwa binti mwenyewe, ambaye jina lake ni Illuminée, alitoka shangazi mmoja bila viatu, akauliza mbele ya wote huyo Ariane ni nani.

Wakati huo huo akaingia msemaji halisi, Sibomana, suruali imelowa tope hadi magotini. Ikabidi mambo yaelezwe. Ntare alielewa wa mwisho.

Nje ya lango alifungua WhatsApp. Ikafunguka, programu ya kusafisha ikaiua. Akaifungua tena, ikauawa na nyingine. Simu ilikuwa inaunguza kiganja. Alipofaulu kuona neno Sonatubes alipanda pikipiki, vazi likipepea nyuma yake njia nzima.

Ukumbini walikuwa wanakunywa. Kamanzi, daktari wa mifugo asiyependa kusema hata na wagonjwa wake, alikuwa amesubiri hadi aibu ikazidi, akasimama mwenyewe. Alisema kijana wao anampenda binti yao, wao pia wanampenda, wanaomba wapewe. Walipewa. Wazee walisema ilikuwa posa nzuri.

Ntare alitafuta cha kusema akaanza kueleza kwamba mtandao ulikuwa mbaya. Kaliza akainamisha uso. Video ilikuwa imeshafika kwenye kundi la ukoo, na kila aliyekuwa ukumbini alikuwa ameitazama, wengine zaidi ya mara moja, Ariane akiwa mmojawapo.

"Nilikuwa nimeanza kupiga simu hospitali," Mukunde alimwambia. Macho yake yalikuwa mekundu. Kisha akasema, "Umeongea vizuri," akaenda kukaa na wifi zake.

Jioni ile simu zilitoka Gahanga. Posa ya watu ilikuwa imesimama. Familia ya Illuminée ilitaka mtu aliyemtaja Ariane aje mwenyewe kuapa kwamba kijana wa Huye hahusiki. Kwa hiyo Jumapili baada ya kanisa Ntare alikwenda nyumbani kwa kina Illuminée, na Kamanzi, na kreti za bia, akakalishwa kwenye kiti kifupi mbele ya yule mwalimu mstaafu. Simu aliiacha kwa Mukunde bila kuombwa. Akaomba radhi. Hakuna aliyepiga makofi. Mama mkwe, yaani mama yake Illuminée, aliuliza maswali magumu, na kila jibu lilimrudisha kwenye kisiwa ambacho mama yule hakuelewa kiko nchi gani.

Ndipo Illuminée mwenyewe akaja kukaa, ingawa hakuitwa. Alisema ameitazama video, na hajawahi kusikia mwanamke akisifiwa namna ile.

"Baba, huyo Ariane," akauliza, "ulimfahamu kwa muda gani?"

Ntare alimtazama kaka yake. Kamanzi alikuwa anatazama nje.

"Jana nilipokuwa nasema," Ntare akajibu, "nilikuwa sijawahi kumwona."

Illuminée alicheka hadi akashika meza, na baba yake akacheka, na mwishowe mama mkwe naye akalazimika kutabasamu, na kijana wa Huye akaruhusiwa kuja tena. Ntare hakucheka. Alikaa kwenye kiti kifupi akisubiri waamue kama anaweza kwenda.

Harusi zote mbili zilifungwa salama mwaka huo. Kwenye ile ya Ngabo, Ntare alipewa kazi ya kuonyesha watu mahali pa kuegesha magari. Kwenye ile ya Illuminée alialikwa kwa kadi nzuri, na chini ya jina lake bibi harusi alikuwa ameandika kwa mkono kwamba asihangaike kuandaa hotuba.