Majina Kumi na Moja ya Siku ya Ushindi

"Hivi leo benki imefungwa kwa nini?" Kristen, jirani aliyehamia kutoka Massachusetts, alimuuliza Deolinda mwaka mmoja. Alipoambiwa ni Siku ya Ushindi, siku ya kukumbuka vita na Japani vilivyokwisha, akacheka. "Kumbe bado mnaikumbuka! Sisi kule tunakwenda kazini."

Kicheko kile kilimkaa Deolinda moyoni. Ni kweli, Jumatatu ya pili ya Agosti Rhode Island bado hufunga kazi, lakini watu hukimbilia ufukweni. Kwenye jiwe lililo mbele ya klabu ya askari wa zamani, saa sita mchana husomwa majina kumi na moja ya waliokufa katika vita hivyo, na mtu wa nyumba ya marehemu huitikia, "Yupo." Mwaka jana waliitikia wawili tu. Deolinda alimwitikia baba yake, Manuel Furtado, aliyezama na meli miezi mitatu kabla yeye hajazaliwa. Katika miaka themanini hakuwahi kuzungumza naye kwa njia nyingine.

Mwaka huu, Jumapili ya mkesha wa sikukuu, misa ilipokwisha, alipitia klabuni. Mwenyekiti, Normand Thibault, alikuwa akihesabu magunia ya mwani wa kupikia kombe za baharini za karamu ya kesho, ambazo huivishwa juu ya mawe ya moto, zikifunikwa kwa mwani na turubai.

"Mama Deolinda, kesho hatusomi majina. Kombe zinafunuliwa saa sita."

"Washa moto mapema, mwanangu, zifunuliwe saa tano."

"Mawe yanataka masaa matatu kushika moto. Nani ataamka?"

"Mimi huamka saa kumi na moja kusali rozari. Na kiberiti nakijua."

Waliokuwa kaunta wakaangua kicheko. Normand naye akatabasamu. "Watu wenyewe hawaji, mama."

"Watakujaje? Mwaka jana ulifunua kombe saa sita hiyohiyo, wakaliacha jiwe wakafuata harufu."

"Zikikaa chini ya turubai zinakuwa raba! Halafu, wenye majina ndugu zao wamekwisha. Nani ataitikia?"

"Mimi. Yote kumi na moja."

"Na mwakani, je, ukiwa..." Normand akajiuma ulimi.

"Sema tu. Ndiyo maana nataka yasomwe kesho."

"Kamati imeshaamua, mama."

Fremu ya majina ilining'inia kando ya kaunta, tangazo la kombe limebandikwa juu ya kioo chake. Deolinda akalibandua taratibu, akalilaza mbele ya Normand. Akaiangua fremu, akaibana kwapani, akachukua na kengele ya mkono ya kuitia watu jiweni iliyokuwa rafuni, akatoka nazo: kesho saa sita angeyasoma mwenyewe.