Nyuzi Tatu

Dashibodi ya gari letu ilisema nje kuna nyuzi joto tatu. Mimi nilikuwa gereji, Butimba, saa nane mchana, jasho linanichuruzika, mwanangu Odeta analia mgongoni.

Nyuzi tatu ni baridi ya Makete, anakojenga barabara baba yake, Yeremia, huu mwezi wa saba sasa. Tuliwahi kujaribu kumfuata. Tulifika Misungwi tu, mtoto akajaa vipele vya joto kwa sababu AC ya gari haikupoza, tukageuza.

"Tuongeze gesi, Mama Odeta," alisema fundi Malimi. "AC itapoza."

"Umeongeza mara mbili, kaka."

"Basi huko darasa la jioni la ufundi mnafundishwa uganga?"

Nilicheka, nikachomoa sensa ndogo nyuma ya grili, ile inayoliambia gari joto la nje. Nikaitumbukiza kwenye kikombe cha maji ya moto, nikaiunganisha na mita ya kupimia umeme. Namba haikusogea. Gari lilikuwa linadanganywa kwamba kuna baridi, ndiyo maana kompresa, pampu ya AC, iligoma kuwaka.

Malimi aliinama akaitazama mita. Kisha akaenda mwenyewe dukani kuleta sensa mpya.

Tulipoifunga, dashibodi ikaandika ishirini na tisa. Nyuzi tatu zilipopotea, niliona kama Yeremia amesogea mbali tena. Halafu upepo wa baridi ukatoka, Odeta akanyamaza, akakunjua kiganja chake kuupokea.

Nikampigia baba yake.

"Mtafutie mwanao sweta," nikamwambia. "Jumamosi tunaanza safari."