Maiki ya Wifi Yangu

Wifi yangu alikuwa na sauti nyembamba, kali, inayopanda mpaka unahofia bati la nyumba. Kwa sababu yake watu walimbandika jina la Filimbi, na kwa sababu hiyohiyo kaka yangu alimwoa. Mwenyewe husema alimsikia kwanza, kumwona kukaja baadaye. Miaka yote wifi aliimba mbele katika bendi ya mdogo wetu wa mwisho, ambaye wanamuziki wenzake humwita Kapteni. Mimi ni fundi cherehani. Nguo za bendi nashona mimi, kwa hiyo mazoezini sikosi, na maoni sikosi pia.

Kisha wifi akaota uvimbe shingoni. Akafanyiwa operesheni, uvimbe ukatoka salama, tukashukuru Mungu. Daktari alikuwa ametuonya mapema kwamba mishipa ya sauti inapita jirani na pale pa kukata, na kwamba huenda sauti ikabadilika. Ikabadilika. Mwanzoni alinong'ona tu. Baadaye sauti ikarudi, lakini si ile iliyoondoka. Hii ilikuwa nzito, ya chini, yenye mkwaruzo kama mkasi unapopita kwenye jinzi. Tena ilikuwa ndogo. Ile nguvu ya kuisukuma mpaka ukuta wa nyuma hakuwa nayo tena.

Siku aliyorudi mazoezini nilikuwepo. Bendi hufanyia mazoezi kwenye stoo ya duka la magodoro. Alishika maiki ya bendi, moja kuukuu, wavu wake umebonyea kama kopo lililopigwa teke, akaanza kuimba. Hatukumsikia. Ngoma na gitaa vilimmeza mzimamzima. Kapteni akaongeza sauti ya maiki. Badala ya wifi, tukasikia ngoma mara mbili. Akaongeza tena. Spika zikapiga mluzi mkali hata mpiga ngoma akatupa vijiti na kuziba masikio. Wifi akaiweka maiki chini taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.

"Shemeji, usijali," Kapteni alimwambia. "Piga manyanga kwanza. Sauti itapata joto yenyewe."

Alisema kwa upole, na upole ule ndio uliomchoma. Kuanzia siku hiyo wifi akasimama nyuma, karibu na ngoma, anatikisa manyanga. Mbele akaimba Kapteni mwenyewe. Mdogo wangu ni hodari wa gitaa, Mungu ampe maisha marefu, lakini akiimba ni kama karani anayesoma mashtaka. Watu walianza kwenda kununua soda katikati ya nyimbo. Naye akawa anatafuta mwimbaji kila kona, hapati.

Nyumbani wifi akaacha kuimba kabisa. Hata vyombo aliviosha kimya. Kaka yangu, ambaye ni fundi wa kompyuta na mtu wa maneno machache, alikuja kibandani kwangu akaniambia, "Nyumba imekuwa kama imehamwa."

Basi asubuhi moja wifi alikuwa kwangu, ananisaidia kushona vifungo. Mimi nilikuwa kwenye cherehani, naye akidhani kelele za mashine zinamficha, akaanza kuimba polepole. Niliinua mguu kwenye pedeli. Mashine ikanyamaza, yeye akaendelea kidogo kabla hajagundua. Kwa umbali ule, mimi hapa yeye pale, meza ya kukatia kati yetu, sauti ile ilinisimamisha nywele. Ilikuwa sauti ya mtu aliyeyapitia.

"Wifi," nikasema, "hiyo ni nini?"

"Ni mabaki."

"Mabaki gani? Sauti yako haina kasoro. Kasoro iko kwenye lile kopo la Kapteni. Halikusikii."

"Usinifariji."

"Nikufariji wewe? Mimi ninayemsikiliza Kapteni kila wiki, ananifariji nani?"

Akacheka. Ilikuwa muda mrefu sijamsikia akicheka. Nikapiga chuma kingali moto: kesho yake tungeenda kutafuta maiki yake mwenyewe, ya kushika mkononi, ya kuimbia jukwaani na kurekodia. Alibisha, nikabisha zaidi. Tukampelekea kaka shauri. Nilidhani atajitolea kwenda naye, maana vyombo vya umeme ni kazi yake. Akatikisa kichwa.

"Mimi nampenda," alisema, "kwa hiyo masikio yangu hayafai. Nenda naye wewe. Wewe huwa husifii kitu."

Duka la vyombo vya muziki lilikuwa refu na jembamba, magitaa yamening'inia ukutani na spika zimepangwa kama matofali. Muuzaji alikuwa mzee wa makamo mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, na mfukoni ana bisibisi ndogo. Zamani alikuwa fundi mitambo wa matamasha. Hakutuuliza tunataka ya bei gani. Alimuuliza wifi, "Unaimbia wapi, na nyuma yako kuna nini?"

"Nyuma yangu kuna ngoma," wifi akajibu. "Na kabla ya kuimba, nikwambie ukweli: sauti yangu ni mbovu."

"Hilo tutaiuliza yenyewe," muuzaji akasema.

Mimi macho yangu yalikuwa yameshadondokea maiki moja kubwa ya kurekodia, inang'aa, imekaa kwenye kisanduku chenye mahameli kama pete ya uchumba. Nikasema tuchukue ile. Muuzaji akatabasamu. "Hiyo ni nzuri kwenye chumba kilichotulia. Inasikia mpaka jirani akijikuna. Mtarekodia wapi?"

Nikakumbuka kibanda changu, ukuta mmoja na mchomeleaji mageti. Nikairudisha mahameli yake.

Akatutolea maiki za mkononi, zile ngumu ambazo hazihitaji kulishwa umeme na ambazo, alivyosema, zinasikia kilicho mdomoni na kupuuza kilicho mbali. Akaziunganisha kwenye spika moja. Halafu akafanya jambo lililonifurahisha: akawasha redio kwa sauti kubwa, akaiweka nyuma ya wifi. "Hiyo ndiyo ngoma yako," akasema. "Imba."

Mimi nilifumba macho, mgongo kwenye ukuta, nisije nikachagua kwa rangi.

Ya kwanza ilikuwa imara, ya aina inayopatikana kwenye kila ukumbi. Sauti ya wifi ikatoka imejaa tope, kama anaimba ndani ya mtungi. "Hapana," nikasema. Ya pili ilikuwa na swichi ubavuni, nami napenda kitu chenye swichi, lakini kila herufi ya 's' ilitoka kama mafuta ya moto yaliyodondokewa na maji. "Hapana." Ya tatu wifi aliishika juu kabisa, kiganja kikafunika wavu, spika zikaanza ule mluzi. Aliirudisha mezani kama imemuunguza.

"Unaona?" akasema. "Twende nyumbani."

"Mama, ngoja," muuzaji akasema. "Hayo ya mkono, si ya sauti. Ukifunika wavu, maiki inapoteza mbele na nyuma, inasikia kila upande, mpaka spika yenyewe. Shika chini, kwenye shingo yake. Hivi. Na usogee. Wewe si wa kupiga kelele tena. Sogea kama unamwambia mtu siri."

Wifi akanitazama. Nilijua tukitoka mle mikono mitupu hatarudi tena. Nikamwambia, "Kuvunjika koleo si mwisho wa uhunzi. Imba."

Muuzaji akampa nyingine, ya kijivu, haina urembo wowote, hata swichi haina. Nikafumba macho tena. Redio ilikuwa inapiga nyuma. Wifi akavuta pumzi, na hiyo pumzi niliisikia. Kisha ikaja ile sauti ya asubuhi, ya mezani kwangu, na mkwaruzo wake wote, lakini sasa ilikuwa imejaza duka. Kila neno lilikuwa na kingo zake. Redio ilikuwa imesogea mbali, kama iko duka la pili. Muuzaji akaongeza sauti, nikasubiri mluzi. Haukuja. Akaongeza tena. Haukuja.

Nilipofumbua macho, mteja aliyekuwa anachagua nyuzi za gitaa alikuwa amesimama na nyuzi mkononi, mdomo wazi. Wifi alikuwa hamwoni. Alikuwa anaimba akitazama sakafu, machozi yanamtoka, na anatabasamu.

"Wifi yako kanyamaza," muuzaji akamwambia alipomaliza. "Anasemaje?"

"Wifi huwa hasifii kitu," akajibu wifi huku akijifuta uso. "Lakini sihitaji aseme. Nimejisikia mwenyewe."

Tukainunua, na nyuzi zangu za kushonea za mwezi ule zikasubiri.

Jioni ileile, mchomeleaji alipofunga, kaka alileta kompyuta yake na kisanduku cha kuunganishia maiki. Kibanda changu, kumbe, ni chumba kizuri cha kurekodia: magauni yamening'inia pande zote, vitambaa mpaka dari, mwangwi hauna pa kukaa. Tulimsimamisha wifi kati ya suti mbili za bwana harusi. Akaimba wimbo aliokuwa ameutunga kichwani kipindi chote cha manyanga, bila kumwambia mtu:

*Msiniulize nilikokuwa,*
*niulizeni nimerudi na nini.*

Kaka alirekodi akiwa ameinamia kompyuta, hakuinua uso mpaka mwisho. Alipouinua alisema tu, "Rudia ule mstari wa pili. Nataka kuusikia, si kwa ajili ya kurekodi."

Sasa hapo ndipo mimi nikafanya utundu wangu. Kesho yake nilikwenda stoo ya magodoro, nikawakuta wanapumzika. Nikaunganisha simu yangu kwenye spika. Wimbo ukaanza. Mpiga ngoma akaacha kutafuna. Kapteni alikuwa anafunga nyuzi za gitaa. Mkono ukasimama hewani.

"Dada, huyu ni nani?" akauliza.

"Nimemsikia mahali."

"Mahali wapi? Dada, usinifanyie hivyo. Natafuta mwimbaji mpaka kwenye misiba, halafu wewe unatembea naye mkobani! Ana bendi?"

"Ana bendi, ila haimtumii."

"Wajinga hao!" Kapteni akapiga paja. "Kuna watu wamepewa dhahabu wanafungia mlango. Niambie anakaa wapi, niende sasa hivi nikampigie magoti."

"Huna haja ya kwenda mbali," nikasema. "Huyo hapo, nyuma ya ngoma, ana manyanga."

Wote wakageuka. Wifi alikuwa amesimama na manyanga yake, hajui aweke wapi uso. Kapteni alimtazama yeye, akanitazama mimi, akamtazama tena. Mpiga ngoma alianza kucheka, akacheka mpaka akaanguka kwenye godoro. Na mdogo wangu, mtu mwenye kiburi chake, alivuka stoo yote na kupiga magoti kweli, juu ya saruji, akiwa na suruali niliyomshonea wiki iliyotangulia.

"Shemeji," akasema, "mimi ndiye mjinga niliyemtaja."

"Inuka, utachana suruali," wifi akamwambia. "Inuka, tufanye mazoezi. Na hiyo spika isogeze pembeni, fundi wa dukani kaniambia maiki yangu haitaki spika mgongoni kwake."

Nilijua basi kwamba amerudi.

Bendi iliitwa kupiga siku ya kufunguliwa kwa soko jipya. Ilikuwa mchana kweupe. Umati ulikuwa wa watu wasiokuja kusikiliza muziki: wapakuaji wa magunia, wenye mikokoteni, kina mama wanaopigania meza za mbele, madereva wanaopiga honi. Kelele hizo hata sauti ya zamani ya wifi zingeipa taabu. Nilimfunga kamba ya gauni nyuma ya jukwaa, naye akichungulia umati.

"Wifi, wale hawatanisikiliza," akasema.

"Usiwapigie kelele basi. Waambie siri."

Akapanda. Hakusalimia, hakupiga mayowe. Akashika ile maiki ya kijivu chini, kwenye shingo, akaisogeza mpaka midomo ikaribie wavu, akaanza kabla ya ngoma, peke yake.

Waliokuwa karibu walinyamaza kwanza. Kisha walio nyuma yao wakageuka kuona wenzao wamenyamazia nini. Niliuona ukimya ukitembea katika soko, meza kwa meza, kama mtu anapita akikunja mkeka. Mwanamke mmoja mwenye beseni la nyanya kichwani alisimama katikati ya njia, na mkokoteni uliokuwa nyuma yake ukasimama, na mwenye mkokoteni hakumtukana. Wifi alipofika kwenye mstari wa pili, Kapteni akaingiza gitaa, ngoma ikafuata, na juu ya vyote hivyo sauti yake ilibaki palepale, wazi, nzito, haimezwi.

Mara ya tatu ya kiitikio, soko zima lilikuwa linaimba. *Niulizeni nimerudi na nini!* Wapakuaji walikuwa wanapiga makofi juu ya magunia. Kina mama walikuwa wameacha meza walizokuwa wakizigombea. Mume wake, kaka yangu, mtu wa maneno machache, alikuwa amepanda juu ya kreti anapaza sauti, "Mke wangu huyo! Mke wangu!" mpaka kreti ikavunjika, akaanguka, akainuka akiendelea.

Walimrudisha jukwaani mara kadhaa. Kila akishuka, wanapiga miguu chini, anapanda tena. Alipowaaga mwishowe, alikuja kukaa nyuma juu ya kasha la ngoma, jasho linamtiririka, akanywa maji chupa nzima bila kuvuta pumzi. Kapteni akaja na gitaa begani.

"Shemeji," akasema, "wenye ukumbi mkubwa wanataka tupige kwao Jumamosi. Tuanze na wimbo gani?"

Wifi akafuta mdomo kwa kiganja, akamtazama kwa raha zake.

"Wewe panga gitaa zako," akamwambia. "Nyimbo nachagua mimi."

"Haya," Kapteni akasema.