Boti ya Edmilson

Zuleica alikuwa na akili za shule na mdomo wa sokoni, na siku ile ya mafunzo vyote viwili vilimponza.

Mafunzo yalifanyika Mucojo, pwani ya kaskazini ya Msumbiji, kwenye darasa lisilo na milango. Shirika moja la misaada lilitaka kuunda kamati ya kijiji ya kujiandaa na hatari, na kamati ilihitaji msemaji. Zuleica aliutamani usemaji ule, wala hakuficha. Mama mkwe wake, Bi Zainabo, alikuja kwa sababu shirika lilitaka awepo na mtu wa umri mkubwa, na kwa sababu kulikuwa na chakula cha mchana.

"Ni mchezo tu jamani, pessoal," alisema Edmilson, kijana wa Pemba ya Msumbiji aliyeleta mafunzo. "Wale watu wamevamia kijiji. Pwani kuna boti moja yenye nafasi tano, na ninyi ni sita. Jadilianeni mpaka mpate consenso. Wote mkubaliane nani abaki."

Akagawa kadi. Mmoja akawa nesi, mwingine nahodha, mwingine mvulana wa shule. Mussagy, mvuvi mwenye ndevu mpaka kifuani, akaangukiwa na kadi ya mjamzito. Zuleica akawa mwalimu. Bi Zainabo hakujua kusoma, akampa mkwewe kadi amsomee.

"Kikongwe," akasoma Zuleica. Darasa zima likacheka, na Bi Zainabo naye akacheka.

Kicheko kilipokwisha, watu wakainamisha macho. Kila mmoja pale alikuwa na mtu wake aliyebaki porini walipowakimbia waasi mwaka ule wa vita, na hakuna aliyetaka kuanza. Zuleica akaona hapo ndipo pake. Akasimama. Nesi anatibu, akasema, nahodha anaendesha, mwalimu anafundisha, mjamzito ana roho mbili, mvulana ana maisha mbele yake.

"Kikongwe ameshakula chumvi nyingi. Hata tukimchukua atatuchelewesha. Abaki."

Alisema vizuri, tena vizuri mno. Edmilson akauliza kama wote wamekubali, na mikono ikapanda mmoja mmoja. Wa mwisho ulikuwa wa Bi Zainabo.

"Nimekubali, wanangu," akasema.

Edmilson akapiga makofi. Kabla ya chakula kuletwa, Zuleica alikuwa msemaji wa kamati.

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Aliyejikwaa kidole hujua palepale, lakini Zuleica hakujua mpaka jioni, alipomkuta mama mkwe amefungua furushi lake.

Kule hakuna nyumba isiyo na mafurushi mlangoni. Tangu vita, kila mtu mzima hulala la kwake likiwa limefungwa: nguo, chumvi, vyeti, sufuria. Zuleica alikuwa na lake na la binti yake Nadia, na Bi Zainabo alikuwa na lake. Sasa sufuria ya Bi Zainabo ilikuwa imehamia kwenye furushi la Zuleica, pamoja na chumvi yake na kapulana yake nzuri ya kujifunga. Alichobakiza ni sanda aliyojinunulia mwenyewe. Alikuwa ameikunja, ameiweka mapajani.

"Mama, mbona umefungua?"

"Vitu vitawafaa nyinyi. Mimi mmeshaniamulia."

"Lakini ule ulikuwa mchezo."

"Najua, mwanangu. Ndiyo maana ulisema bila woga."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomchoma Zuleica. Aliukumbuka mwaka ule wa kukimbia, uchungu ulipomshika njiani na mumewe yuko ng'ambo, Mtwara, kwa kazi. Watu walipita. Bi Zainabo peke yake ndiye aliyekaa naye chini ya mkorosho, bunduki zikisikika, mpaka Nadia akazaliwa. Wala hakuwahi kujisifia kwa majirani. Na mbele ya majirani haohao Zuleica alikuwa amesimama akasema kikongwe atawachelewesha.

Akaomba radhi. Bi Zainabo akajibu kwamba yamekwisha, akaomba apishwe akaswali. Furushi halikufungwa tena.

Ijumaa, watu wakiwa ndio kwanza wametoka msikitini, milio ya bunduki ikasikika upande wa barabara. Mtu akapita mbio akisema wamerudi, na kijiji kizima kikageukia pwani. Zuleica akajitwika furushi, akamkamata Nadia, akamvuta mama mkwe mkono.

"Mama, simama."

"Mpeleke mtoto."

"Nakuomba, Mama. Nitakubeba."

"Una mikono mingapi? Mpeleke mtoto."

Nadia alikuwa akilia. Milio ikaja tena. Zuleica akauachia ule mkono na, tuseme kweli, aliuachia mapema kuliko alivyolazimika. Akakimbia.

Pwani, Mussagy alikuwa tayari amewasha injini ya boti yake. Zuleica akaketi, Nadia mapajani, furushi miguuni. Pembeni yake ubao ulibaki mtupu, pa kumtosha mtu mwembamba.

"Bi Zainabo yuko wapi?" akauliza Mussagy.

Angeweza kujibu kwamba amekataa mwenyewe, na ingekuwa kweli. Msemaji wa kamati akainama kukaza fundo la furushi. Mussagy akauliza tena, kisha akautazama ule ubao na kuacha kuuliza.

Kabla boti haijaondoka, habari ikafika kwamba walikuwa askari wa serikali wakijaribu bunduki zao. Watu wakashuka wakicheka, wakaanza kutaniana nani alikimbia na kiatu kimoja. Zuleica alitembea nyuma yao wote, macho chini. Aliona haya hata kwa Nadia, ambaye alikuwa ameona kila kitu.

Bi Zainabo walimkuta jikoni. Alikuwa amesonga ugali wa shima kwa sufuria ya kuazima, kwa sababu ya kwake ilikuwa imekwenda pwani.

"Mmerudi," akasema. "Boti ilijaa?"

Zuleica akatua furushi. "Ndiyo" moja tu ingetosha, na ingewapumzisha wote wawili. Bi Zainabo alikuwa akimtazama, mwiko mkononi, kana kwamba naye angeipokea kwa shukrani.

"Haikujaa, Mama. Nafasi yako ilikuwepo, pembeni yangu."

Bi Zainabo akapakua.

"Haya. Mpe mtoto ale, chakula kinapoa."